Nani Atashika Kiti Baada Yangu?

Haya ni maneno ya mzazi mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyoyasema mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili katika mkutano wa kuandaa matembezi na mbio za hisani za mwaka huu. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

Mimi sikuzoea kusimama mbele ya watu. Kazi yangu ni kutengeneza mageti na madirisha, na fundi huzungumza kwa kazi yake. Lakini katibu aliniambia, "Wewe mwaka jana ulikimbia na mwanao. Njoo utueleze." Nikaona nikikataa nitakuwa nimemnyima mwanangu nafasi ya kusikika, kwa sababu mengi nitakayosema nimejifunza kwake.

Sisi tunaokaa chini ya mlima huu hatuna ugeni na mbio. Tangu mwaka 2003 mbio za Kilimanjaro Marathon zinafanyika hapa Moshi, na tumeona wageni na wenyeji wakikimbia, wengine kilomita 42, wengine kilomita 5 tu na watoto wao. Tumewahi kuona pia mbio za viti vya magurudumu na za baiskeli za mkono. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha kukimbia. Nimekuja kuuliza swali moja: tunapokimbia kwa hisani, tunakimbia kwa ajili ya nani, na tunakimbia pamoja na nani?

Mwanangu na lile turubai

Mwanangu ana miaka 13 sasa. Uchungu wa mama yake ulichukua muda mrefu, na alipozaliwa hakulia. Baadaye tuliambiwa kwamba ana mtindio wa ubongo. Wengi wenu mnaufahamu, lakini niseme kidogo kwa wasioufahamu. Ni hali inayotokana na ubongo kudhurika kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Sababu moja ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Nyingine ni umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Ubongo ulioumia hushindwa kuiongoza misuli. Misuli hukaza, au hulegea, au hujiendea yenyewe. Hali hii haiambukizi. Si laana, si uchawi, wala si adhabu ya dhambi za baba au mama.

Tena wapo watoto wengi ambao akili zao ni nzima kabisa, ila mdomo na mikono havitii. Mwanangu ni mmoja wao. Anazungumza kwa taabu, na asiyemzoea hamwelewi, lakini matokeo ya Simba na Yanga anayajua kuliko mimi.

Miaka miwili iliyopita parokia yetu iliandaa matembezi ya hisani ili kununua viti vya magurudumu kwa watoto wenye ulemavu. Kamati ilifanya kazi njema, na mimi mwenyewe nilikuwa mwanakamati, kwa hiyo lawama nitakayoitaja ni yangu pia. Tulipanga kila kitu: fulana, maji ya kunywa, matarumbeta, na askari wa usalama barabarani. Na watoto wenyewe tuliwapangia mahali pao. Tuliwaweka chini ya turubai kwenye uwanja wa kanisa, kila mmoja na mzazi wake, kila mmoja na fulana mpya. Watembeaji wakaondoka wakiimba. Watoto wakabaki wakiangalia barabara tupu. Watembeaji waliporudi, wageni walipiga picha na watoto, wakapewa soda, shughuli ikaisha.

Jioni nilipokuwa namlaza, mwanangu aliniuliza swali. Lilimchukua muda kulitoa, na mimi nilisubiri. Aliniuliza, "Baba, mimi nimechangia nini?"

Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyechangiwa."

Aligeuza uso akatazama ukutani. Ndugu zangu, nimewahi kuungua na moto wa kuchomelea mara nyingi, lakini usiku ule niliumia zaidi.

Baba na mwana wa Massachusetts

Wiki chache baadaye nilimpeleka mazoezi ya viungo, na nikamsimulia Sista anayewahudumia watoto wale. Hakunihubiria. Alichukua simu yake akanionyesha picha za mzee mmoja Mmarekani akimsukuma kijana kwenye kiti chenye magurudumu matatu, katikati ya maelfu ya wakimbiaji. Tangu siku ile nimezisoma habari zao kila nilipozipata, na nitawasimulia, kwa sababu ndani yake niliona swali la mwanangu.

Baba aliitwa Dick Hoyt, na mwanawe Rick. Rick alizaliwa Januari 1962 katika jimbo la Massachusetts. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, akakosa hewa, ubongo ukadhurika. Hakuweza kutembea wala kusema. Madaktari waliwashauri wazazi wampeleke kwenye taasisi ya kutunzia watu kama yeye, wakisema hakuna tumaini. Dick na mkewe Judy walikataa. Waligundua kwamba mtoto anawafuata kwa macho chumbani, wakajua ndani yake kuna mtu anayeelewa. Judy akamfundisha herufi nyumbani.

Mwaka 1972 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tufts walimtengenezea kompyuta. Herufi ziliangaza moja moja kwenye kioo, na Rick alipoifikia anayoitaka aligonga kitufe kwa kichwa. Basi wote wakakaa wakingoja neno la kwanza la mtoto wa miaka kumi. Mama alitumaini atamsalimia yeye, baba naye hivyohivyo. Kumbe neno la kwanza la Rick lilikuwa kuishangilia timu ya mji wao, Bruins, inayocheza mpira wa magongo kwenye barafu! Nilipomsimulia mwanangu jambo hili alicheka mpaka akakohoa. Alijua kabisa kwamba kama ingekuwa yeye, angeanza na Simba.

Mama yule alipigania pia shule. Jimbo lao lilikuwa limepitisha mwaka 1972 sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu, na Judy alikuwa miongoni mwa wazazi walioisukuma. Hata hivyo Rick aliingia shule ya kawaida mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Umri wa mwanangu leo.

Sasa sikilizeni habari ya mbio. Mwaka 1977 Rick alisikia kwamba mwanafunzi mmoja wa chuo, mchezaji, amepata ajali na kupooza, na kwamba watu wanaandaa mbio za maili 5, yaani kama kilomita 8, ili kumchangia. Rick aliandika kwa kompyuta yake kumwambia baba yake kwamba anataka kushiriki. Alitaka yule kijana aone kwamba mtu akipooza maisha bado yanaendelea.

Ndugu wanakamati, naomba tusimame hapa kidogo. Mbio zile hazikuwa za kumchangia Rick. Rick ndiye aliyetaka kuchangia. Mtoto asiyeweza kuinua kijiko alitaka kumpa mwingine kitu, na kitu alichokuwa nacho ni kuonekana barabarani. Swali la mwanangu kitandani, Rick alikuwa amekwisha kulijibu mwaka 1977.

Dick alikuwa na miaka 36, mwanajeshi, wala hakuwa mkimbiaji. Kiti kilikuwa kizito, hakikutengenezwa kwa mbio. Walimaliza mbio zote, wakiwa wa pili kutoka mwisho. Baba aliumia mwili mzima. Lakini usiku Rick alimwandikia kwamba wakati wanakimbia alijisikia kana kwamba ulemavu wake umeondoka.

Baada ya maneno hayo baba hakuweza kuacha. Rick alipokuwa shuleni, Dick alikimbia akisukuma kiti chenye mfuko wa saruji badala ya mtoto, ili azoee uzito. Mwaka 1981 walikimbia mbio za Boston, zinazoanzia mji wa Hopkinton na kuishia Boston, kilomita 42, bila namba rasmi, kwa kuwa waandaaji hawakujua wawaweke kundi gani. Si wa viti vya magurudumu, kwa sababu wale hujisukuma wenyewe. Si wa miguu, kwa sababu wako wawili. Wakaambiwa wakitaka namba wafikie muda wa kundi la umri wa Rick, kijana wa miaka ishirini na kitu, si umri wa baba. Mwaka 1983, kwenye mbio nyingine huko Washington, wakamaliza kwa saa 2 dakika 45. Wakapewa namba.

Kwa jumla walishiriki mashindano zaidi ya 1,100. Boston peke yake walikimbia mara 32. Dick alijifunza hata kuogelea ukubwani, akamvuta Rick ndani ya mtumbwi mdogo wa mpira uliofungwa kwa kamba mwilini mwake. Mwaka 1992 walivuka Marekani kutoka bahari hadi bahari, kwa kukimbia na kwa baiskeli, siku 45. Mwaka uliofuata Rick alihitimu Chuo Kikuu cha Boston, katika elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 2003 Dick alipata mshtuko mdogo wa moyo. Madaktari walikuta mshipa wake mmoja umezibika karibu wote, wakamwambia kwamba kama si yale mazoezi, pengine angekwisha kufa miaka mingi nyuma. Nikajiuliza, kumbe kati ya baba na mwana, nani alikuwa anamsukuma mwenzake?

Kilomita 5 za mwaka jana

Nilimwendea mwenyekiti wetu nikamwambia mwaka huu mwanangu hakai chini ya turubai. Akasita, akauliza, "Akianguka je?" Swali lake lilikuwa la haki, na nilikuwa sina jibu. Nilirudi kibandani kwangu kulitafuta.

Kiti chake ni cha aina ile ya hospitali. Magurudumu ya mbele ni madogo, na kwenye kokoto yanazama na kukwama, na mtoto anarushwa mbele. Niliongeza mkono wa chuma mbele ya kiti, nikafunga gurudumu moja la baiskeli ya mtoto ili yale madogo yanyanyuke juu ya ardhi. Nikaweka breki ya mkono ya baiskeli, na mkanda wa kiti cha gari. Sista akaja kuangalia mwenyewe jinsi mtoto anavyokaa, akanirudisha mara mbili kurekebisha sehemu ya kichwa na miguu. Nasema haya kwa mafundi wenzangu: usibadilishe kiti cha mtoto kwa macho yako peke yake. Mtoto akikaa vibaya anaumia mgongo, na wewe utadhani umemsaidia.

Kisha nikafanya kama Dick, ila kwa kuwa saruji ina bei, nilipakia mahindi. Alfajiri nasukuma mahindi barabarani, majirani wakacheka. Mzee mmoja aliuliza kama mashine ya kusaga imehamia bondeni.

Mwanangu naye alikuwa na kazi yake. Pamoja na dada yake alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari akiomba ahadi, shilingi kadhaa kwa kila kilomita. Niliuliza fedha zile ni za nini. Alisema yeye kiti anacho, basi achangie asiyekuwa nacho. Wapo waliompa kwa huruma, na wapo waliompa ili wamnyamazishe kuhusu Yanga. Zote ziliingia kwenye daftari, na mhasibu wa parokia alizipokea mbele yake na kumwandikia stakabadhi kwa jina lake. Stakabadhi ile iko ukutani kwetu mpaka leo.

Siku ilipofika tulikimbia polepole, tukitangulia kidogo mbele ya watembeaji. Kilomita mbili za kwanza ni mteremko, nikajiona kijana. Ya tatu ni ule mlima baada ya daraja, ambao ninyi nyote mnaujua. Hapo pumzi iliniishia. Vijana watatu wa parokia wakaja mbio, wakasema, "Baba, tupe tukusaidie." Nikawakatalia. Nilitaka nimalize mwenyewe. Nilikuwa na picha ya Dick kichwani, nami nikataka kuwa shujaa wa mwanangu.

Mwanangu akageuza kichwa, kwa taabu yake ileile, akasema, "Baba, waachie."

Nikaachia. Mmoja akashika kiti, wawili wakakaa pembeni, wakapandisha mlima wakiimba wimbo wa mpira, na mwanangu akipiga kelele za furaha ambazo mimi sijawahi kumtoa. Mimi nikafuata nyuma mikono mitupu. Ndugu zangu, sikujua mikono yangu imechoka kiasi gani mpaka ilipokuwa mitupu. Haikuwa imechoka kwa kilomita tatu. Ilikuwa imechoka kwa miaka kumi na miwili.

Tulipokaribia kona ya kurudia, mama mmoja alitoka kwenye nyumba ya uani akiwa amembeba mgongoni mtoto wa kike wa miaka kama saba, miguu inaning'inia. Nimesali jumuiya ya mtaa ule kwa miaka mingi na sikuwahi kujua kwamba nyumba ile ina mtoto. Hakusema neno. Alijiunga tu na watembeaji akatembea nasi mpaka kanisani. Matembezi ya mwaka uliotangulia yalipita mbele ya mlango uleule. Hakutoka, kwa sababu tulipopita hapakuwa na yeyote anayefanana na mwanawe.

Swali linalonikosesha usingizi

Nirudi kwa akina Hoyt, kwa sababu habari yao ina mwisho, na mwisho huo unanihusu.

Aprili 2013 ilizinduliwa sanamu yao ya shaba pale Hopkinton, mbio zinapoanzia. Wiki ileile iliyofuata mabomu yalilipuka kwenye mstari wa kumalizia mbio za Boston, na Dick na Rick walisimamishwa wakiwa wamebakiza kama maili moja. Ilikuwa imepangwa kuwa Boston yao ya mwisho. Walirudi mwaka 2014, Dick akiwa na miaka 73, wakaimaliza. Baada ya hapo mwili wa baba ulikataa.

Je, Rick aliacha kukimbia? Hapana. Kuanzia mwaka 2015 alisukumwa kwenye mbio za Boston na Bryan Lyons, daktari wa meno, mwenzao katika timu. Lyons naye alifariki mwaka 2020. Dick alifariki Machi 2021, akiwa na miaka 80. Rick aliishi miaka miwili zaidi, akafariki Mei 2023, akiwa na miaka 61.

Zihesabuni hizo tarehe, wazazi wenzangu. Mtoto ambaye wazazi wake waliambiwa hana tumaini aliishi baada ya baba yake. Kila mzazi wa mtoto mwenye ulemavu analijua swali hili, ingawa hatulisemi mbele ya watu: mimi nikifa, nani atamlisha, nani atamwogesha, nani atajua kwamba akikunja uso hivi ana kiu? Wapo wazazi wanaoomba, Mungu nisamehe, kwamba mtoto atangulie. Mimi mwenyewe nimewahi kuomba hivyo. Naisema sala hiyo hapa mbele yenu kwa sababu baada ya ule mlima sijairudia tena.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Na mnaikumbuka habari ya yule aliyepooza, katika Injili ya Marko, sura ya pili. Alibebwa na watu wanne, na njia ilipozibwa na umati walifungua paa. Injili haitaji majina yao. Haisemi kama baba yake alikuwa mmojawapo, au alikuwa mzee nyumbani, au alikwisha kufa. Inasema tu kwamba walikuwa wanne.

Ninachoomba

Ndugu wanakamati na wafadhili, naomba mambo manne, na nitayasema kifundi.

Kwanza, turubai libaki kwa ajili ya kivuli na wagonjwa. Mtoto mwenye ulemavu aulizwe mwenyewe kama anataka kushiriki. Anayetaka ashiriki na mzazi wake, kwa kusukumwa, kwa magongo au kwa kubebwa, hata kama ni mita mia. Asiyetaka aachwe, wala asipigwe picha bila ridhaa yake na ya mzazi. Sheria ya nchi yetu ya Watu Wenye Ulemavu, ya mwaka 2010, inatambua utu na ushiriki wao. Parokia isiwe nyuma ya sheria.

Pili, kila mtoto apewe daftari lake la ahadi na stakabadhi yake. Watoto hawa nao wanataka kutoa. Hujafa hujaumbika, na leo unayemchangia kesho anaweza kuwa ndiye anayekuchangia wewe.

Tatu, na hili ni kwa wafadhili wetu ambao tunawashukuru sana: kiti hakimaliziki siku kinapokabidhiwa. Tairi hupasuka, beringi huisha, kitambaa huchanika, na mtoto hukua. Nimeletewa kibandani viti vizuri vya msaada ambavyo vilikaa kwa kukosa kipuri kidogo tu, mtoto akarudi kulala sakafuni. Tunaponunua viti kumi, tutenge fedha za matengenezo na za mtaalamu wa kuvipima kwa kila mtoto. Ni afadhali viti vinane vinavyotembea kuliko kumi vya kwenye picha. Kazi ya kuchomelea nitaifanya bila malipo, mniletee vifaa tu.

Nne, na ndilo kubwa: kila mtoto atakayeshiriki apangiwe watu wanne, pamoja na mzazi wake. Si kwa siku ya mbio tu. Watu wanne wa jumuiya yake watakaofundishwa kumnyanyua, kumlisha na kumwelewa, na watakaomtembelea mwaka mzima. Mzazi akiugua, wapo. Mzazi akizeeka, wapo. Mbio zenyewe zitakuwa mazoezi yao ya kwanza.

Wale vijana watatu wa ule mlima wanakuja kwetu karibu kila Jumamosi kumchukua mwanangu kwenda kutazama mpira. Wameanza kumwelewa akisema. Juzi mmoja alinisahihisha, akaniambia, "Baba, hakusema hivyo, umemsikia vibaya." Niliona wivu kidogo, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu.

Kuhusu yule mama wa kwenye kona, nimewatembelea mara kadhaa. Binti yake bado hana kiti wala hajaanza shule. Zile fedha za daftari la mwanangu zimewekwa kwa ajili yake, lakini hazijatosha. Jina lake analo katibu. Naomba mwaka huu liwe la kwanza kwenye orodha, na naomba watu wanne wajitokeze leo, kabla hatujafunga mkutano kwa sala. Mimi nimeshajiandikisha kuwa mmoja. Wamebaki watatu.